Waliosimama Mbele ya Mama

Jumamosi, 3 Mei
Chumba cha hoteli kinachotazama gereji

Kaka yangu,

Zile salamu za barua za shule, mimi ni mzima na wasiwasi ni juu yako, jaza mwenyewe. Leo sina subira. Nina habari na miguu haitulii. Haya ninayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Tunakuja kwenye ukumbi wako! Ndiyo, uleule ambamo unavaa koti jekundu na kuwaonyesha watu viti vyao kwa tochi. Jumapili ya tarehe 8 Juni, alasiri. Meneja wetu amesaini jana. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Ni wewe uliyesema, baada ya msiba wa Baba, kwamba mimi na wewe kwenye simu tunapigana na kwenye barua tunaelewana. Basi barua hii hapa, elewa. Ratiba ya ziara nimeitia ndani, andika kwa hoteli inayofuata.

Kwanza, Mama. Tangu nianze kuimba hajawahi kuniona jukwaani. Mara kwenye duka la dobi kuna kazi, mara safari ndefu, mara hajisikii. Ananisikia redioni kama watu baki. Safari hii hana pa kukimbilia, ukumbi uko mjini kwake. Namtaka safu ya kwanza, katikati.

Pili ni siri, na ukiitoa nitakukana mbele za watu. Nimetunga wimbo wa Mama. Unakumbuka alivyokuwa akisimama kwenye meza ya kupigia pasi, tangu asubuhi hadi taa zinawashwa, kiti kiko nyuma yake na hakikalii? Mteja akimwambia apumzike, anajibu kwamba nguo haipigwi pasi na mtu aliyekaa. Wimbo ni huo. Tunaupiga mwisho kabisa, na kabla hatujaanza nawaambia watu: huyu mtu alisimama maisha yake yote, nasi tusimame dakika chache. Wanasimama, Kaka. Kila mji. Wazee, wanene, wenye viatu vya kubana. Nataka Mama ageuke auone ukumbi mzima umesimama kwa ajili yake. Asijue lolote kabla ya siku hiyo.

Halafu niambie kitu. Mbona siku hizi Mama kwenye simu anataka sauti tu? Nikimwambia tuonane uso kwa uso anasema kamera imeharibika. Mnunulie simu, wewe mkono wa birika. Na huko kwa Mama Mdogo atakaa mpaka lini? Amegombana na nyumba yake?

Mdogo wako kiguu na njia,
Chiriku


Jumatatu, 12 Mei
Dirisha la tikiti

Chiriku, mdogo wangu,

Barua yako imenikuta dirishani, foleni imefika barabarani. Nimeisoma huku nachana tikiti, na nadhani kuna mzee nimemwelekeza chooni badala ya roshani ya juu. Hongera. Nakuambia hongera kwa moyo wote, ulishike neno hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Mama yuko kwa Mama Mdogo kwa sababu nyumba ile haina ngazi. Magoti yanamsumbua kidogo. Kamera nitaiangalia.

Sasa nisikilize bila kupanda juu. Ukumbi wetu ni wa kukaa. Jambo hili linanitoa jasho kila wiki. Mtu mmoja wa mbele anainuka kwa raha zake. Wa nyuma yake haoni, naye anainuka. Wa nyuma ya huyo hivyohivyo, mpaka ukumbi mzima uko wima na hakuna anayeona zaidi ya alivyokuwa akiona amekaa, ila sasa wote wameumwa miguu. Kisha aliyekaa anamvuta shati aliyesimama. Aliyesimama anasema nimelipa. Aliyekaa anasema kwani mimi nimeingia bure? Ndipo naitwa mimi. Majuzi bwana mmoja na bibi mmoja wasiojuana walirushiana maneno hadi nikalazimika kukaa kati yao mpaka onyesho likaisha. Wenzangu wananiita Bwana Keti, na wewe usianze.

Kwa hiyo naomba hivi. Wimbo wa Mama uimbe, tena uimbe kwa nguvu, lakini watu wakae. Sakafu ya roshani ni ya zamani. Alasiri wanakuja wazee wengi. Na siku zote yupo mtu asiyeweza kusimama, ambaye wenzake wakisimama haoni kitu. Mfikirie huyo.

Mama atakuja, ila safu ya kwanza haitaki. Anasema spika zinampiga kifuani. Atakaa nyuma. Usinikunjie uso mimi, ni yeye aliyesema.

Kaka yako


Jumatano, 14 Mei
Kwa Mama Mdogo wako

Mwanangu,

Uliponipigia kunieleza habari za Chiriku nilikuwa naitika tu, kwa sababu mdogo wangu huyu ana masikio marefu na nyumba yake haina mlango wa maana. Ndiyo maana naandika.

Nitakuja. Utanichukua kwa teksi, uniingize kwa mlango wa nyuma kabla watu hawajajaa, na kiti changu cha magurudumu ukiweke nyuma ya safu ya mwisho, taa zisipofika. Akitoka jukwaani sisi tumeshaondoka. Asikione kiti, asiuone mguu, yaani asione mahali mguu ulipokuwa.

Najua haikupendezi. Tangu waukate chini ya goti umekuwa ukinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kusema. Ulitaka kumpigia simu palepale wodini nikakuapisha, na sijutii. Baba yenu alipougua, ni yeye aliyeiacha ile bendi yake ya kwanza akarudi kumwogesha na kumlisha. Alipotaka kurejea, mtu mwingine alikuwa ameshika maikrofoni yake. Hakulalamika hata siku moja, na hicho ndicho kinachoniuma. Safari hii hataacha kitu kwa ajili yangu. Ziara ikiisha nitamwonyesha mwenyewe.

Sukari imechukua mguu, haijachukua macho. Sauti yake naijua tangu alipolia siku ya kwanza, redio hainiongezei kitu. Nataka kumwona. Anasimamaje pale mbele? Mikono anaiweka wapi? Akiimba anafumba macho au anawatazama watu? Wenzangu wa udobi wote wameshamwona, wananisimulia mimi mama yake. Nataka na mimi nimwone, mara moja, bila yeye kuniona.

Mama yako


Jumatatu, 19 Mei
Nyuma ya jukwaa, nimekalia sanduku la nyaya

Kaka,

Barua yako mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikasukuma sahani. Eti nimfikirie asiyeweza kusimama. Nani huyo? Au ni wale mabwana wenu wanaokuja kulala alasiri kwenye viti laini?

Umekuwa ukinikalisha tangu nijue kutembea. Chiriku kaa, kuna wageni. Chiriku kaa, Baba amelala. Kwenye harusi ya binamu yetu nilipopanda kiti kuimba, ni wewe uliyenishusha mkono umenishika kwapani. Mama peke yake ndiye aliyesema niachwe. Sasa wamekupa koti na tochi, basi unakalisha mji mzima.

Ngoja nikwambie kuhusu watu waliokaa. Mwaka jana tulipiga kwenye ukumbi mmoja wa kifahari, watu wamekunja mikono, hakuna hata wa kukohoa. Kila wimbo ukiisha wanapiga makofi ya adabu, pa, pa, pa, kisha kimya. Niliimba kama mtu anayeomba kazi. Nilishuka pale nikamwambia mpiga ngoma wetu kwamba naacha, na sikuwa natania. Mji uliofuata mama mmoja wa makamo akasimama peke yake katikati ya safu, mkoba kwapani, akaanza kuyumba taratibu, na mwili wangu wote ukanirudia. Mtu akisimama ameniambia kitu. Akikaa sijui anawaza nini, labda anawaza gari ameliegesha wapi.

Ni kweli aliye nyuma haoni. Basi naye si asimame?

Na hii ya Mama kukaa nyuma sitaki hata kuisikia. Spika! Mwanamke aliyefanya kazi kando ya mashine za kufulia zikinguruma mchana kutwa! Kuna kitu unanificha, au kuna kitu unakionea haya. Kama ni mimi ninayekutia aibu mbele ya wakubwa wako, sema tu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Watasimama.

Chiriku


Alhamisi, 22 Mei
Ukumbini, kabla ya kufungua milango

Mama, shikamoo.

Naomba unifungue. Wewe umeniapisha, na yeye ameniapisha jambo lake ambalo siwezi kukuambia, nimebaki katikati nimeziba mdomo pande zote mbili. Jana nimemmulika meneja wangu tochi machoni na kumwambia arudi kwenye kiti chake.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Wimbo wa mwisho watu watasimama, wote, na pale unapotaka kukaa utaona migongo mitupu. Nimemwomba awakalishe, amekataa, na hana kosa kwa sababu hajui. Niruhusu nimwambie. Ama niruhusu nikuweke mbele, nitakufunika shuka miguuni, hatagundua.

Mwanao


Jumapili, 25 Mei
Kwa Mama Mdogo wako

Mwanangu,

Shuka la nini, kwani mimi ni meza?

Mbele sikai. Mtoto yule akiinama tu atajua, ana jicho la kuona sindano mchangani. Na kumwambia humwambii, yamini haina likizo. Sasa wewe, Bwana Keti mzima, unaniambia umeshindwa kuwakalisha watu? Si ndiyo kazi unayolipwa? Wakalishe.

Mama yako


Ijumaa, 30 Mei

Chiriku,

Haya sikuambii kama mhudumu wa ukumbi. Nakuomba kama kaka yako mkubwa ambaye hajawahi kukuomba kitu. Wimbo wa mwisho, watu wakae. Usiniulize kwa nini. Ukiniuliza sitakujibu, na bado nitakuwa nakuomba.

Sikuonei haya. Kila ukipigwa redioni pale kantini nawaambia wote wanyamaze.

Kaka yako


Jumatano, 4 Juni

Kaka,

Ungeniambia kwa nini, ningewakalisha hata sakafuni. Huniambii. Basi watasimama.

Mwambie Mama avae lile gauni la bluu, nimwone haraka.

Chiriku


Jumatatu, 9 Juni
Kwenye basi, usilaumu mwandiko

Wewe,

Sijui hata nikuiteje leo.

Nimepanda jukwaani macho yanamtafuta Mama. Kiti nilichomwekea safu ya kwanza kinakaliwa na koti la mtu. Sawa, nikasema, yuko nyuma, spika zake hizo. Nikaimba onyesho zima kuelekea nyuma, kwenye giza, nikijua mahali fulani kuna gauni la bluu. Tukafika wimbo wa mwisho. Nikawaomba watu wasimame, wakasimama wote, tukaanza. Halafu kule nyuma naona koti jekundu.

Unakwenda safu kwa safu. Unawagusa watu mabega, unawashusha kwa viganja, unawaambia maneno masikioni. Wanakaa, ukipita wanasimama tena, unarudi kwa haohao. Kwenye wimbo wa Mama! Wimbo ambao wewe peke yako ukumbini ulijua ni wa nani! Niliibana maikrofoni hadi ikapiga kelele.

Ndipo nikasimamisha bendi. Ndiyo, nilisema, na sijutii: "Jamani, yule bwana wa koti jekundu kule nyuma ni kaka yangu. Ananikalisha tangu utotoni. Leo mwambieni yeye: simama!" Walivyogeuka wote na kukupigia kelele, simama, simama, nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Ulikuwa umefika nyuma kabisa, ukaganda pale, hukuondoka.

Kisha nimeshuka mbio, jasho sijafuta, nakuta Mama keshaondoka. Umempakia kwenye teksi na umerudi kuniambia amechoka, na macho yako yako kwenye viatu. Nimekaa nje ya mlango wa nyuma mpaka bendi wakanivuta. Hakutaka hata kunishika mkono. Kwani wimbo ulikuwa mbaya? Nijibu hilo tu, mengine kaa nayo.

Chiriku


Ijumaa, 13 Juni
Kwa Mama Mdogo wako

Chiriku, mwanangu,

Kaka yako amenisomea barua yako kwenye simu, akashindwa kuimaliza. Hawezi kukujibu kwa sababu mdomo nimemfunga mimi, kwa hiyo nakujibu mwenyewe. Kaa chini kwanza. Safari hii kaa kweli.

Sina mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Ni sukari. Waliukata mwezi wa pili, wewe ndiyo kwanza umeanza ziara. Kaka yako alitaka kukuambia siku hiyohiyo, nikamlisha yamini. Kamera ya simu yangu ni nzima, ni mimi niliyekuwa sitaki uone kiti ninachokalia. Unajua kwa nini. Ulishaacha bendi moja kwa ajili ya mgonjwa.

Wimbo haukuwa mbaya. Niliusikia wote, na ulipofika kwenye kiti kisichokaliwa nikajua ni mimi unayeniimba. Ila kuona, sikuona. Mbele yangu kulikuwa na migongo. Nimeishi na mashati, siwezi kutazama mgongo nikaacha shati. Bwana aliyekuwa mbele yangu lake lina mkunjo katikati ya mabega, mtu alilikunja likiwa bichi. Jirani yake kola imeungua kidogo, wameigeuza ndani. Nilitazama hayo, kwa sababu hapakuwa na kingine. Mara moja watu wawili waliachana nikaona mkono wako. Mkono mmoja tu, umeshika kile chuma cha maikrofoni, na kucha umepaka rangi. Kaka yako alikuwa anazunguka kuwakalisha watu ili niupate na ule wa pili.

Kisha ukasema yale. Alikuwa ameshanirudia, amesimama kando yangu. Ukumbi wote ukageuka upande wetu, simama, simama, wanapiga na miguu. Kwa muda kidogo nilidhani wananiambia mimi. Walio karibu wakakiona kiti wakanyamaza, bibi mmoja akaweka mkono mdomoni. Wa mbali hawakuona, wakaendelea. Kaka yako angeweza kuondoka pale wamfuate kwa macho. Hakuondoka. Alisogea mbele ya kiti changu akakiziba kwa lile koti lake, ili wewe usikione, kwa sababu ndivyo nilivyomwagiza. Akasimama hivyo, wakamcheka mpaka wakachoka.

Nilikosea kukuficha. Nalisema hili mara moja tu, usije ukaniambia nilirudie.

Ziara usiiache. Ukiiacha, sikufungulii mlango.

Mama yako


Ijumaa, 20 Juni
Hoteli, meza ya mapokezi, chumbani hakukaliki

Kaka,

Nimekwenda. Nilipata nafasi kati ya miji miwili nikaruka. Alinifungulia mwenyewe, amesimama mlangoni kwa magongo, amejipaka na poda, kunionyesha tu kwamba anaweza. Nilijikaza kisabuni mpaka jikoni, nikalilia taulo la Mama Mdogo.

Nilitaka kumwimbia palepale. Nilikuwa nimekuja na gitaa, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, sijafika hata ubeti wa kwanza akaniwekea mkono kwenye nyuzi. Akasema: "Mimi si mgonjwa wa kuimbiwa kitandani. Nilimwambia kaka yako nataka kukuona kazini kwako. Ukumbi, taa, watu. Kama haiwezekani, basi tunywe chai." Tukanywa chai.

Sasa wewe. Nina hasira na wewe na nataka kukuangukia miguuni, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi. Mstari mmoja tu, Kaka! Ungevunja hiyo yamini, ningekulipia dhambi yake mimi. Lakini kila nikiwa na hasira nakuona umekiziba kile kiti na watu wanakupigia kelele nilizoziwasha mimi, na nakumbuka kwamba nilifurahi. Nisamehe. Nimekufanya uchekwe mbele ya wenzako, kwenye ukumbi unaopaswa kuingia kesho yake asubuhi umevaa koti lilelile. Sijui watu wanakuambia nini mlangoni. Sitaki kujua, na siwezi kuacha kuuliza.

Tarehe 29, Jumapili alasiri, tunapiga mji wa jirani na kwa Mama Mdogo. Nimezungumza na wenye ukumbi, wametoa kiti cha pembeni safu ya kwanza ili chake kiingie. Amekubali mbele, maana hana tena cha kunificha. Watu nitawakalisha mwenyewe. Mpiga ngoma anasema wimbo ule hauna maana watu wakiwa wamekaa. Nimemwambia apige ngoma.

Wewe njoo bila koti. Njoo kama mtu, ukae naye.

Mdogo wako,
Chiriku


Jumanne, 1 Julai
Dirisha la tikiti

Chiriku, mdogo wangu,

Ya tarehe 8 yameisha, usiyarudie. Mlangoni wananiambia "simama" badala ya "habari za leo", nami nawaambia waende viti vyao. Nimezoea.

Juzi kabla basi lenu halijaondoka uliniuliza yule bwana wa nyuma yetu alikuwa anasema nini, na mimi kwa nini nilikuwa nimeinamisha kichwa wakati wewe unaimba. Sikuweza kukujibu mbele ya Mama. Nakujibu sasa.

Kwanza ujue kwamba sijawahi kukaa kwenye onyesho. Miaka yote hii mimi ni mtu wa ukutani. Nilikuwa sijui mikono niiweke wapi. Kila mtu akiinuka kwenda chooni, mwili wangu unataka kumfuata kwa tochi. Mama aliniambia nitulie, namharibia.

Ulipowaomba watu wakae kwa wimbo wa mwisho walinung'unika, ulisikia. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama tumekuja mkutanoni. Lakini walikaa, na mbele yetu hapakuwa na kichwa cha mtu yeyote. Mama alikuona mzima, kuanzia viatu hadi nywele. Akaniambia, "Kumbe anafumba macho." Nikashusha pumzi. Nikasema basi, kazi imekwisha.

Kwenye ubeti wa pili nikahisi mkono wake begani. Nilidhani anataka maji. Akasema, "Kaza." Nikakaza. Akajivuta juu, uzito wake wote ukaja kwangu, na alipojisawazisha akabaki hapo. Magongo hakuyagusa. Wakati huo ndipo wewe ulipofumbua macho, maneno yakakutoka, na yule mpiga ngoma akawa anarudia pigo lilelile kukusubiri.

Bwana wa nyuma alisema hivi: "Mama, si tumeambiwa tukae? Unatuziba." Hakusema kwa ubaya. Mhudumu wa ukumbi ule akaja, tochi ameielekeza chini, ananyata kwa ule mwendo ninaoujua. Aliniinamia mimi, si yeye, akaninong'oneza kwamba nimwambie mama yangu akae, kuna watu nyuma hawaoni. Ni maneno yangu mwenyewe ya kila wiki, na alikuwa na haki.

Nikamwambia. Nilisema, "Mama, wa nyuma hawaoni."

Hakugeuka. Alikuwa anakutazama wewe. Akasema, "Nikimaliza."

Yule mhudumu akabaki ananitazama. Nikamwambia, ndugu yangu, niachie huyu, hii ndiyo kazi yangu, nitamkalisha. Akaniamini akaondoka. Nikainamisha kichwa ili bwana wa nyuma apate kuona angalau upande wangu, nikashika ukingo wa kiti, nikakaza bega mpaka wimbo ukaisha.

Linaniuma hadi leo.

Kaka yako